Baba anataka achomwe, na karatasi amenikabidhi mimi

Shikamoo Shangazi,

Naomba usilitaje jina langu wala mahali ninapoishi, maana ndugu zangu nao hukusoma.

Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu ana miaka 78, figo zimechoka, na madaktari wametuambia tujiandae. Akili yake ni timamu kabisa. Bado anasoma habari kwa sauti na kubishana nazo. Wiki tatu zilizopita nilikwenda kumtazama. Tulipobaki wawili aliniomba nimpe kifuko cha miwani. Nikadhani anataka kusoma. Akatoa humo karatasi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi, akasema, "Hii ni yako. Wenzako usiwasomee mpaka siku yenyewe ifike." Kisha akaomba maji ya kunywa, kama vile hakuna lililotokea.

Karatasi imechanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Mwanzoni alikuwa ameandika "Nikifa nichomwe", akalikata neno "nichomwe", na juu yake akaandika "nigeuzwe majivu". Halafu: "Majivu mkayamwage mtoni, pale kivukoni. Msinichimbie kaburi." Chini kuna sahihi na tarehe. Basi. Hakutoa sababu hata moja.

Shangazi, sisi ni Wakatoliki. Mama alifariki miaka 11 iliyopita, na alipozikwa iliachwa nafasi ya baba upande wake wa kulia. Baba mwenyewe ndiye aliyeipima kwa hatua zake siku ile, sisi tukimwangalia. Sasa anaikimbia. Anamwacha mama peke yake. Ndivyo ninavyoona mimi, na kila nikiikumbuka nafasi ile tupu machozi hunitoka.

Sijamwonyesha mtu karatasi, ila nimelichokoza jambo kwa mbali. Baba mkubwa, ambaye ni kaka yake baba na mzee anayeheshimika kanisani, nilimwambia nimesikia habari za Mkristo aliyeomba achomwe. Akanijibu bila kufikiri mara mbili: "Huyo ameiacha imani. Mwili uliochomwa utafufukaje? Moto ni wa Jehanamu. Kanisa lilikataza, na waliokataza hawakuwa wajinga." Mdogo wangu wa kiume alisilimu alipooa, ni mtu mpole kuliko sisi sote. Yeye alisema, "Dada, hata kumvunja maiti mfupa ni kama kumvunja aliye hai. Angekuwa mzazi wangu, nisingeweza kusimama pale." Hakujua kwamba tulikuwa tunamzungumza mzazi wake. Naye kitinda mimba wetu, anayeishi mbali, alicheka kwenye simu: "Huku wengi huchomwa, wala si habari. Ni majivu tu." Sijui kwa nini, lakini jibu hilo liliniuma kuliko yote.

Kuna jingine ambalo naona aibu kuliandika. Kaburi la mama hatukulitunza. Mwanzoni tulikwenda kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka, kisha kila mmoja akadhani mwenzake amekwenda. Mwaka jana baba aliomba tumpeleke. Tulikuta magugu yamefika kiunoni, tukalitafuta kaburi muda mrefu. Baba hakusema neno. Aliinama akaanza kung'oa kwa mikono yake mpaka nikamshika mkono. Naamini karatasi hii ilizaliwa siku ile. Naamini anatuadhibu.

Nikitii, nitaigawa familia, na labda nitamkosesha baba ufufuo. Nisipotii, nitakuwa nimemdanganya mgonjwa aliye kitandani. Tena si mtu wa kudanganywa. Ujanani alikuwa mvushaji kwenye kivuko hicho hicho. Mama alikuwa abiria wake wa kila siku alipokuwa akisomea ualimu ng'ambo ya mto, na hadi leo watu wanaomkumbuka husema hakuwahi kumpunja mtu chenji. Kuna usiku mmoja nilifikiria kuichoma ile karatasi, nijifanye sikupewa chochote.

Nifanye nini, Shangazi?

Mtoto wa Kwanza

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Wiki tatu ni nyingi kwa mtu kubeba mzigo kama huo bila wa kumsaidia kuutua.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Kwa juu ni swali la kuzika au kuchoma, lakini ndani yake umefunga kitita cha mambo matatu. Liko la imani: je, baba akichomwa atapoteza kitu mbele ya Mungu? Liko la familia: nani atakasirika, nani hatakuja. Na liko lile uliloliacha karibu na mwisho ukaliita aibu, la magugu yaliyofika kiunoni. Nahisi hilo ndilo linalokunyima usingizi, nami nitalirudia. Nianze na la imani, kwa kuwa baba mkubwa na mdogo wako wamelisema kwa uhakika mkubwa, nawe umelipokea kama lilivyo.

"Mwili uliochomwa utafufukaje?" Swali hilo lina umri wa karibu miaka 2,000, na miongoni mwa waliolitumia mapema kabisa walikuwa watesi wa Wakristo. Mwaka 177, katika mji wa Lyon ulioko Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa, miongoni mwao kijakazi aitwaye Blandina. Miili yao iliachwa wazi siku sita, kisha ikachomwa, na majivu yakafagiliwa katika mto Rhône. Waliofanya hivyo hawakuficha nia yao: walitaka watu hao wasiwe na tumaini la kufufuka. Habari hizi tunazo kwa sababu waumini waliosalia waliandika barua, na mwanahistoria Eusebius akaihifadhi. Moto na mto, mwanangu, vitu vilevile viwili vilivyomo kwenye karatasi ya baba yako. Na Kanisa halikusema Blandina amepotea na maji. Linamwita mtakatifu.

Kizazi kimoja au viwili baadaye, Mkristo mwingine aliyeandika kwa Kilatini, Minucius Felix, aliwajibu Warumi waliokuwa wakiwacheka Wakristo kwa kukataa kuchoma maiti. Alisema hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya maziko. Wanafuata tu desturi ya kale iliyo bora, ya kuzika. Neno lake ni "bora". Hakusema aliyechomwa amemponyoka Mungu.

Hata hivyo usimdharau baba mkubwa, maana hofu yake haikutoka hewani. Wakristo wa mwanzo walirithi mazishi kwa Wayahudi, na Bwana wao mwenyewe alilazwa kaburini. Agano la Kale lina kisa kimoja cha watu wema kuchoma maiti, pale wenyeji wa Yabeshi-Gileadi walipoichoma miili ya Sauli na wanawe, kisha wakaizika mifupa chini ya mti. Lakini nabii Amosi anawalaani Wamoabu kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Unaona? Tendo ni moja: kule ni heshima, huku ni dharau. Baadaye Ulaya ilizidi kuupa moto maana ya laana. Karibu mwaka 785 mfalme Charlemagne aliwawekea Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo, sheria kwamba atakayechoma maiti kwa desturi ya kipagani naye auawe. Mwaka 1415 Jan Hus, padre wa Bohemia (Ucheki ya leo), alichomwa akiwa hai kwa kosa la uzushi, majivu yake yakatupwa katika mto Rhine. John Wycliffe, mwanateolojia wa Kiingereza ambaye naye alihukumiwa kuwa mzushi, alikuwa amekwisha kufa tangu 1384, amezikwa kwa amani. Mwaka 1428 wakaja kuifukua mifupa yake, wakaichoma na kuimwaga mtoni. Watu waliosimuliana visa hivyo vizazi kwa vizazi, wakisikia moto na maiti vimetajwa pamoja, wangewaza nini kama si hukumu?

Kisha ikaja karne ya 19 na matanuri ya kisasa. Mji wa Milan, Italia, walijenga mwaka 1876. Huko Wales, mwaka 1884, daktari mzee aitwaye William Price alijaribu kuuchoma mwili wa mwanawe mchanga juu ya kilima, umati ukamzuia, akashtakiwa. Jaji akaamua kwamba kuchoma maiti si kosa la jinai ilimradi hakuleti kero kwa umma. Mwaka uliofuata tanuri la Woking, karibu na London, likaanza kazi. Wengi wa waliolipigania jambo hili walikuwa madaktari waliohofia makaburi yaliyojaa katikati ya miji. Lakini wengine, hasa Italia, walilishika kama bendera ya kuupinga ufufuo na mapadre. Ndiyo maana mwaka 1886 Roma ilipiga marufuku, na marufuku hiyo ikaingia katika sheria ya Kanisa ya 1917. Iliondolewa mwaka 1963, kwa maelezo kwamba kuuchoma mwili hakuigusi roho wala hakumzuii Mungu kuufufua. Sheria ya 1983, kanuni ya 1176, inahimiza sana kuzika, lakini haikatazi kuchoma, isipokuwa mtu amechagua moto kwa sababu zinazopingana na mafundisho ya Kikristo.

Sasa piga hesabu. Baba yako ana miaka 78 na baba mkubwa amemtangulia. Alipojifunza katekisimu akiwa mtoto, marufuku ilikuwa bado hai. Alichofundishwa kilikuwa sahihi siku alipofundishwa. Siku mkilizungumza wazi, anzia hapo, si kwenye kumwonyesha kwamba hajui.

Lakini siwezi kukuficha upande wa pili. Karatasi ya baba ina maombi mawili, nawe umeyasoma kama moja. La kwanza ni kuchomwa, na hilo Kanisa lake linaruhusu. La pili ni majivu kumwagwa mtoni, na hilo haliruhusu. Waraka wa Roma wa mwaka 2016 unataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe, yasigawanywe, na kwa kawaida yasiwekwe nyumbani. Tena unasema mtu aliyetaka wazi kuchomwa na kumwagwa kwa sababu zinazopingana na imani anapaswa kunyimwa ibada ya mazishi. Desemba 2023 ililegezwa kidogo: ikiwa majivu yamehifadhiwa panapostahili, viongozi wa Kanisa wanaweza kukubali sehemu ndogo sana iwekwe kwa heshima mahali palipokuwa na maana katika maisha ya marehemu. Sijui paroko wenu angelipokeaje jambo la kivuko. Ila ni swali linaloweza kuulizwa mapema, na bila kumtaja mtu.

Kuhusu mdogo wako, nimempenda kwa namna ulivyomweleza. Alichosema ni hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyomo katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Daud, na Uislamu hauna mashaka hapa: maiti huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa. Qurani, Surat Al-Maida aya ya 31, inasimulia jinsi Mungu alivyomtuma kunguru afukue ardhi amwonyeshe Kabili namna ya kumsitiri ndugu yake aliyemuua. Kuzika, kwa mdogo wako, ni somo la mwanzo kabisa ambalo mwanadamu alipewa kuhusu kifo. Usimwombe alione kuwa jambo dogo.

Lakini iko hadithi nyingine katika mkusanyo wa Bukhari ambayo huenda anaijua. Mtu mmoja wa umma zilizotangulia, aliyekuwa amejidhulumu kwa madhambi, aliwausia wanawe wamchome akifa, wamsage, nusu wampeperushe nchi kavu na nusu baharini, kwa kumhofu Mola wake. Wakafanya. Mungu akaiamuru nchi kavu na bahari, vyote vikamkusanya, akaulizwa kwa nini, akajibu ni kwa kukuogopa Wewe. Akasamehewa. Wanazuoni hawaichukui kuwa ruhusa ya kuchoma, nami sikupi uitumie kumshinda ndugu yako kwenye mabishano. Nimeitaja kwa sababu ya wale wana. Walipewa wosia mzito kama wako na baba aliyekuwa anaogopa, na mwisho wa kisa ni rehema. Kama mdogo wako anaweza kusimama kandokando, kuja kabla, au kuja baada, aende akamuulize shekhe anayemwamini. Usimjibie wewe.

Kitinda mimba naye amekuumiza kwa neno "tu", na nadhani najua kwa nini. Kwanza, hata kwa mwili wenyewe si majivu tu. Tanuri huwashwa hadi joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000 za Selsiasi, na mwili hukaa humo kama saa moja na nusu au mbili. Kinachobaki ni vipande vya mifupa, vikavu, vyeupe vilivyochanganyika na kijivu. Husagwa kwa mashine, na familia hukabidhiwa unga mkavu wenye chembe kama za mchanga, kilo 2 au 3 hivi kwa mtu mzima. Nakueleza haya kwa kuwa ni wewe utakayenyoosha mikono kupokea, na afadhali uzito huo uujue kabla.

Japani karibu kila anayekufa huchomwa, na mtawa wa Kibuddha aitwaye Dosho ndiye wa kwanza kuandikwa katika kumbukumbu zao, mwaka 700. Serikali ilipiga marufuku mwaka 1873, ikaiondoa miaka miwili baadaye. Huko mifupa haisagwi mara moja. Jamaa husimama kuzunguka kitanda cha chuma, wakaiokota kwa vijiti, wawili wawili, wakianza na miguu na kumalizia kichwa, ili marehemu asikae kichwa chini ndani ya chombo chake. Hebu mfikirie binti akimwokota baba yake kwa utaratibu huo. Hapo "tu" iko wapi? Wahindu, ambao moto kwao ndio njia ya kawaida ya kumrudisha mtu kwenye asili yake, hawachomi kila mtu. Watoto wachanga na watawa wengi huzikwa au hukabidhiwa maji. Na Wazoroastria, wafuasi wa dini ya Zoroasta katika Uajemi ya kale, walikataa kuchoma maiti kwa sababu ambayo ni kinyume kabisa na ya baba mkubwa: waliuona moto kuwa mtakatifu mno kuguswa na maiti.

Nimezunguka mbali kwa makusudi. Nilitaka uone kwamba moto peke yake hausemi kitu kimoja. Mwili wa Buddha ulichomwa kwa taadhima, watu wakashindania mabaki yake mpaka yakagawanywa mafungu manane. Mifupa ya Wycliffe ilichomwa kwa chuki. Udongo nao ni hivyo hivyo: wapo waliozikwa kwa mapenzi, na wapo waliofukiwa ili wasahaulike. Kwa hiyo huwezi kuisoma karatasi ya baba yako kwa kulitazama neno "majivu" peke yake. Lazima ujue yeye amelitia nini ndani.

Hapo ndipo tunapofika kwenye magugu.

Umeniambia mambo mawili kana kwamba umeyashuhudia: kwamba anawaadhibu, na kwamba anamwacha mama yenu. Lakini hakukuambia lolote katika hayo. Umesema mwenyewe hakutoa sababu. Hizo ni sababu ambazo huzuni yako imemwandikia. Huenda ni za kweli. Wazee huumia na kunyamaza, na siku ile makaburini aliumia, hilo silipingi. Ila kuna vitu viwili katika barua yako vinavyonifanya nisite.

Cha kwanza ni neno alilolikata. Mtu aliyeketi kuwaadhibu watoto wake hahangaiki kutafuta neno laini. Baba yako aliandika "nichomwe", akalisikia kwa masikio yenu, akaona litawachoma ninyi, akalifuta. Nani alikuwa moyoni mwake alipokuwa akitafuta neno lingine?

Cha pili ni mahali. Angeweza kuandika "mtoni" akaishia hapo. Ameandika "pale kivukoni". Na wewe, kwa kupitia tu, ukiwa unanieleza habari ya uaminifu wake, umeniambia nani alikuwa abiria wake wa kila siku pale. Sisemi hiyo ndiyo maana yake. Nasema kwamba inawezekana yule unayemwona anamkimbia mama yako anatafuta kukaa naye mahali ambapo magugu hayaoti. Na inawezekana pia ni jambo rahisi kuliko hayo yote: hataki kuwaachia kazi ya kulimia kaburi. Mtu mmoja tu ndiye anayejua, naye bado anasoma habari kwa sauti.

Kwa hiyo njia inayonijia kwanza ni kumuuliza. Alikukataza kuwasomea wenzako. Hakukukataza kuzungumza na yeye. Hatari zake nazijua. Anaweza kukasirika, au kuona unamtoa katika nia yake. Anaweza kukupa sababu itakayokuuma, kwamba ndiyo, ni kwa ajili ya siku ile. Ukienda, uwe tayari kuomba msamaha kwa ajili ya lile kaburi bila kuambatanisha ombi lolote. Hata karatasi ibaki kama ilivyo, msamaha huo ungekuwa na kazi yake. Na kabla hujaenda au baada ya kutoka kwake, yale magugu yanaweza kulimwa. Si kwa ajili ya kumbadilisha nia.

Anaweza pia kukuruhusu uwaambie wengine, au akubali kuwaambia mwenyewe. Tofauti ni kubwa mno. Mdogo wako akisikia wosia huu kinywani mwa baba yake, atakuwa na muda wa kuuliza, kulia, kubembeleza. Akiusikia kwako siku ya msiba, kutakuwa na maiti, na saa chache, na wewe. Lakini kuna baba ambao, wakizungukwa na watoto na kaka yao kando ya kitanda, hukubali chochote ili wapumzike. Usije ukaiita hiyo ridhaa.

Njia ya katikati ambayo huenda itapendekezwa, labda na baba mkubwa mwenyewe akishapoa, ni achomwe kisha chombo cha majivu kizikwe katika ile nafasi aliyoipima, kando ya mama. Imewahi kufanyika kwa watu wazito kanisani: William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, alichomwa mwaka 1944, na majivu yake yakazikwa katika kanisa kuu lake karibu na kaburi la baba yake. Majivu ya Askofu Mkuu Desmond Tutu yaliwekwa mwaka 2022 ndani ya kanisa kuu la Cape Town, ingawa yeye hakuchomwa kwa moto. Mwili wake uliyeyushwa kwa maji yaliyotiwa alkali, njia ambayo bado haipatikani katika nchi nyingi. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila mmoja anapata kitu. Ubaya wake ni huo huo. Baba aliandika "msinichimbie kaburi", na ninyi mtakuwa mmelichimba, dogo tu. Kama yeye mwenyewe ataikubali, ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu kuichoma karatasi, au upande mwingine, kuitekeleza kimyakimya kabla wengine hawajajua: nisikilize kisa kimoja. Uingereza, bwana mmoja aitwaye Henry Crookenden alimwachia rafiki yake, Bi Eliza Williams, agizo kwamba achomwe. Mkewe na jamaa wakamzika. Bi Williams akapata kibali cha kuufukua mwili kwa kisingizio kwamba anauhamishia mahali pengine pa kuzikwa, akaupeleka Milan, akauchoma, kisha akadai kulipwa gharama alizotumia. Mwaka 1882 mahakama ikamkatalia, ikasema maiti si mali, na mtu hawezi kwa wosia kuupangia mwili wake kwa amri inayofunga kisheria. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza bado zinafuata kanuni hiyo kwa namna mbalimbali, na nyingine zimeweka sheria tofauti, hivyo mtafute wakili akueleze ile karatasi ina nguvu gani mahali mlipo. Ila nilichotaka ukione katika kisa hicho si sheria. Bwana yule alizikwa kwa hasira, akafukuliwa kwa hila. Kila upande uliamini unampenda.

Ukiamua kutotii, vilevile kuna namna ya kutotii iliyo ya wazi. Unaweza kumwambia sasa, angali hai: "Baba, hili siwezi, mpe mwingine." Litamuumiza. Lakini atakuwa na nafasi ya kumkabidhi mtu mwingine, au ya kukuelewa. Hakuna anayekulazimisha kuubeba wosia ambao hukuulizwa kama unauweza, hata kama wewe ni mtoto wa kwanza.

Siwezi kukuambia umzike au umchome. Nimejaribu kujiweka mahali pako, na kila nilipofika kwenye jibu nilijikuta namjibia baba yako.

Madaktari wamesema mjiandae, basi nenda wiki hii. Chukua karatasi, ikae ndani ya mkoba. Mpe maji, mweke sawa, mwache abishane kwanza na habari za siku. Halafu muulize habari za kivuko: kilikuwa kinavuka mara ngapi kwa siku, maji yalikuwa yakijaa miezi gani, na yule mwanafunzi wa ualimu alikuwa akipenda kukaa upande gani.

Shangazi